Plagi Kuingia Si Ushahidi

Nyuma ya sipiyu nyingi za zamani, karibu na tundu la waya wa umeme, pana swichi ndogo nyekundu isiyozidi ukucha wa dole gumba. Ukiisukuma upande mmoja inasomeka 115, upande wa pili 230. Mashine iliyotumika Marekani huja na swichi hiyo ikiwa kwenye 115, maana umeme wa majumbani kule ni volti 120. Wa kwetu ni 230. Mtu akiitoa kwenye boksi, akaifuta vumbi na kuichomeka ukutani bila kuitazama swichi ile, hapati nafasi ya kuona hata feni ikizunguka. Anasikia mlipuko mmoja mkali, halafu harufu ya kuungua inatanda chumba kizima.

Kilichotokea ndani kinaelezeka. Swichi ikiwa kwenye 115, sakiti inayopokea umeme huuzidisha mara mbili ili ufikie kiwango ambacho sehemu zilizobaki zinakihitaji. Ukiipa 230, nayo inazidisha vilevile. Kapasita mbili kubwa, ambazo kwa kawaida kila moja imetengenezwa kuhimili volti 200, zinabebeshwa zaidi ya 300. Lazima kitu kipasuke: kapasita, fyuzi, transista, pengine vyote kwa mpigo. Lakini mashine yenyewe, yaani mazabodi, memori na diski, mara nyingi imesalimika. Kilichokufa ni kile kisanduku cha bati tunachokiita pawa saplai. Ninaandika haya kwa sababu sipiyu nyingi zinazorundikwa stoo zingepona kwa kubadilishiwa kisanduku hicho tu. Na zipo nyingine, zilizokuwa na uhai kabisa, zinazouawa siku ileile ya kubadilishiwa.

Chukua mfano wa Dutumi, kata ya Kibaha Vijijini, mkoani Pwani, katika ukanda wa Kibaha na Kisarawe. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na baadaye gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini ikashushwa hadi shilingi 27,000. Nguzo zikishafika, mambo hufuatana: saluni, mashine ya kusaga, friji ya soda, kisha steshenari ya kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta ya steshenari ya kijijini ni nadra kununuliwa mpya. Inatoka Kariakoo, mtumba wa ofisi za Ulaya, Marekani au Uarabuni. Ni Dell OptiPlex au HP iliyofanya kazi ya watu wengine kwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa kwa jumla. Kompyuta za shule, hasa za msaada, hupitia njia hiyohiyo. Ikizima, barua za maombi ya kazi zinasimama, fomu za kujiunga na shule zinasimama, na mwalimu aliyetaka kuchapa mtihani anarudi kwenye kuandika ubaoni. Mwenye mashine anaifunga nyuma ya bodaboda na kuelekea Mlandizi, kwenye Barabara ya Morogoro, kumtafuta fundi.

Mazungumzo mezani kwa fundi huwa mafupi.

"Fundi, haiwaki kabisa. Hata taa haionyeshi."

"Umeme ulikatika, mama?"

"Ulikatika, ukarudi, ukakatika tena."

Fundi mzoefu hahitaji zaidi ya hapo ili ajue pa kuanzia. Ndani ya sipiyu, pawa saplai ndiyo inayokutana na umeme wa ukutani. Inaupokea ukiwa volti 230 za kwenda na kurudi, inaugeuza kuwa umeme tulivu wa volti 12, 5 na 3.3, na kuugawa kwa kila mwenye haja. Kila mshtuko wa laini unapiga hapo kwanza.

Kwanza, hata hivyo, aanzie nje. Soketi ina umeme? Swichi ya ekstensheni imewashwa? Fyuzi ndani ya plagi ya pini tatu ni nzima? Ni maswali yanayoonekana ya kitoto, lakini yameokoa safari nyingi za bodaboda. Hapo ndipo anapofungua kava. Pawa saplai ya aina ya ATX, ambayo utaratibu wake uliwekwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, inaweza kujaribiwa nje ya mashine. Unachomoa plagi zake zote, unachukua kipande kifupi cha waya, unaunganisha tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi wowote kwenye plagi kubwa. Waya wa kijani ndio unaoamrisha kuwaka: ukibonyeza kitufe cha mbele ya sipiyu, mazabodi hufanya kazi hiyohiyo ya kuugusisha na mweusi.

Feni ikizunguka, usishangilie. Shika multimita. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye waya wa njano: isome kati ya volti 11.4 na 12.6. Waya mwekundu usome kati ya 4.75 na 5.25. Wa chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Wa zambarau utoe volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, ilimradi waya uko ukutani. Wa kijivu ni wa taarifa. Hupanda kufikia volti 5 hivi pale tu pawa saplai inapokuwa imejiridhisha kwamba umeme wake umetulia, na mazabodi huusubiri ndipo ianze kazi. Baadhi ya pawa za zamani hazitaki kuwaka bila mzigo, kwa hiyo wengi huiunganishia diski mbovu ili iwe na kitu cha kulisha. Na hata vipimo vikiwa vizuri bila mzigo, bado pawa inaweza kuporomoka ikipewa kazi. Kipimo cha mwisho kinachukuliwa mashine ikiwa imewaka, ncha ya multimita ikichomekwa kwa nyuma ya plagi.

Pale pale aitazame mazabodi. Zile kapasita ndogo za mviringo zilizosimama kuzunguka prosesa ziwe na vichwa bapa. Zikivimba au kutoa utomvu wa kahawia, pawa mpya haitasaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilipata kapasita mbovu zilizovimba kabla ya umri wake, na OptiPlex GX270 na GX280 za Dell ni miongoni mwa mashine zilizojulikana zaidi kwa ugonjwa huo. Ukikutana na mojawapo ya hizo leo, vikague vichwa vya kapasita kabla hujamtoza mtu hela ya pawa.

Kuhusu kuifungua pawa saplai yenyewe ili kuchomelea kapasita mpya, msimamo wangu ni mkali: asiyefundishwa asiiguse. Kapasita zake kubwa hubeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki nazo hata baada ya waya kuchomolewa. Kijana anayejifunza kwa video za simu hawezi kujua kwa macho kama zimekwisha kujimwaga. Kisanduku kizima cha mtumba kinapatikana. Mkono haupatikani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kuunganisha, ambako hasara kubwa hutokea. Plagi kubwa ya ATX ya zamani ina pini 20 katika safu mbili. Safu ya kwanza, kuanzia pini ya 1, inakwenda hivi: chungwa, chungwa, nyeusi, nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, kijivu, zambarau, njano. Safu ya pili: chungwa, buluu, nyeusi, kijani, nyeusi, nyeusi, nyeusi, nyeupe, nyekundu, nyekundu. Fundi anayeijua safu hii kwa kichwa ana silaha kubwa kuliko duka zima la vifaa, kwa sababu akitazama plagi ya zamani iliyotoka ndani ya mashine anatambua mara moja kama ni ya utaratibu wa kawaida au imepindishwa.

Na zipo zilizopindishwa. Kompyuta za Dell za miaka ya mwisho ya 1990 hadi karibu na 2000 zilitumia plagi ileile ya pini 20, umbo lilelile, klipu ileile, lakini nyaya zikiwa zimepangwa upya. Umeme wa volti 3.3 uliondolewa kwenye plagi kubwa ukapelekwa kwenye plagi nyingine ndogo ya pini sita. Ukichukua pawa ya kawaida ya dukani ukaichomeka kwenye mazabodi hiyo, inaingia vizuri kabisa, inabana, inatoa ule mlio wa klipu kukamata. Halafu unawasha, na umeme wa chungwa unakutana na mahali palipopangiwa kuwa pa waya mweusi. Scott Mueller, Mmarekani aliyeandika kitabu kikubwa cha ufundi wa kompyuta za mezani ambacho mafundi wengi wamejifunzia, aliwaonya wasomaji wake juu ya jambo hili kwa maneno makali, kwa sababu matokeo yake ni moshi upande mmoja au pande zote mbili. Ishara ya kuitambua haihitaji kifaa chochote: rangi za nyaya katika plagi kubwa ya Dell hizo hazifuati safu niliyoitaja hapo juu.

Dell walirudi kwenye utaratibu wa kawaida baadaye. OptiPlex 780, 790 na 7010, ambazo ndizo zimejaa kwenye maduka ya mitumba, zina plagi ya kawaida ya pini 24. Pini nne ziliongezwa mwaka 2003, na plagi ya 20 bado huingia kwenye soketi ya 24. Tangu mwaka 2000, na ujio wa Pentium 4, kukaongezwa pia plagi ndogo ya pini nne, nyaya mbili za njano na mbili nyeusi, ya kulisha prosesa peke yake. Hiyo ndiyo inayosahaulika kila siku. Feni zinazunguka, taa inawaka, kioo kinabaki cheusi, na mteja anaambiwa mazabodi imekufa, kumbe plagi ya pini nne inaning'inia nyuma ya diski.

Kisha zikaja OptiPlex 3020, 7020 na 9020, na mambo yakabadilika tena. Plagi yake kuu ina pini nane tu, na pawa saplai inatoa volti 12 peke yake. Volti nyingine zinatengenezwa na mazabodi yenyewe, na diski inapewa umeme kutoka hapo hapo kwenye mazabodi. HP EliteDesk 800 G1 ina pini sita. Baadhi ya ThinkCentre za Lenovo zina 14. Kwa mashine kama hizi kuna vipande vya waya vya kuunganishia, upande mmoja pini 24, upande wa pili nane au sita au 14, na vinasaidia kweli kama vimetengenezwa kwa ajili ya modeli husika. Kwa kuwa pawa ya kawaida inaposubiri kuwashwa hutoa volti 5, na mazabodi hizi zinangoja volti 12 hivi, kipande kizuri huwa na sakiti ndogo ya kupandishia volti. Fundi anayekata nyaya na kuunganisha rangi kwa rangi hana njia ya kuipata sakiti hiyo, na rangi zenyewe kwenye pawa hizi hazifuati mpangilio ule wa zamani. Shida nyingine ni umbo. Sipiyu nyembamba ina pawa ndefu nyembamba, na ya kawaida haiingii. Nimeona zilizofungwa nje ya kasha kwa kamba, nyaya zikipitishwa kwenye tundu la kadi. Zinafanya kazi, lakini bati la pawa iliyo nje bado linahitaji kuungana na bati la kasha, na vumbi la kijijini linaingia kwenye tundu hilo bila kizuizi.

Za zamani zaidi ya hapo, zile za AT zilizofuata kompyuta ya IBM ya mwaka 1984, sizitarajii Dutumi. Wakati IBM inaiuza mashine hiyo, Tanzania ilikuwa bado chini ya marufuku ya mwaka 1974 ya kuingiza kompyuta, iliyowekwa baada ya mahesabu ya serikali kuvurugika kwenye mashine ya Wizara ya Fedha. Aliyetaka kompyuta aliomba kibali. Ikitokea moja kwenye stoo ya shirika la zamani, fundi akumbuke mambo mawili. Plagi zake ni mbili za pini sita sita, na nyaya nyeusi za zote mbili lazima zikutane katikati. Na swichi yake ya mbele inapitisha volti 230 zenyewe: kahawia na buluu zinaleta umeme kutoka ukutani, nyeusi na nyeupe zinaurudisha kwenye pawa. Ukizichanganya, umepiga shoti laini ya nyumba. Chora au piga picha kabla hujachomoa hata moja.

Wati nazo zina maneno. Stika ya pawa ya bei rahisi husema 500 kwa herufi kubwa, lakini kinachotakiwa kusomwa ni jedwali dogo chini yake. Zidisha volti 12 kwa ampea zilizoandikwa kwenye safu ya 12, uone kinachobaki. Mashine ya Pentium III, au Athlon ya awali isiyo na ile plagi ya pini nne, hula zaidi kwenye volti 5, na pawa za kisasa zimepunguza nguvu upande huo. Kwa hiyo pawa mpya ya wati 400 inaweza kuishiwa pumzi pale ambapo ya zamani ya 250 iliridhika. Kwa kijijini, mimi huitafuta kwanza stika inayosema 100 hadi 240. Pawa hiyo haina swichi nyekundu ya kukosea, na jioni laini ya mwisho wa kijiji inaposhuka hadi volti 170 kwa sababu kila mtu amewasha, yenyewe inaendelea. Ile yenye swichi iliyowekwa 230 hutaka kuanzia karibu volti 200.

Kufunga chenyewe ni kazi ya dakika chache. Waya utoke ukutani kabisa, siyo kuzimwa tu, kwa sababu ya ule umeme wa zambarau unaobaki hai. Bonyeza kitufe cha mbele mara kadhaa ili mabaki yaishe. Gusa bati la kasha kabla ya kugusa memori. Toa skrubu nne za nyuma, ingiza mpya, feni ikiangalia palepale ilipoangalia ya zamani. Chomeka plagi kubwa, ya prosesa, ya diski. Tazama swichi nyekundu kama ipo. Ndipo waya urudi ukutani.

Limebaki jambo moja ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo liko nje ya sipiyu: waya wa ethi. Ndani ya kila pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo zinazounganisha nyaya mbili za umeme na bati la kasha, ili kuchuja kelele. Ethi ikiwepo, uvujaji huo mdogo unakwenda ardhini na hakuna anayeuhisi. Ethi isipokuwepo, bati lote la sipiyu linakaa kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115. Ndiyo ile "kompyuta inapiga shoti" ambayo wenye steshenari huizoea, wakavaa kandambili na kuweka kadibodi chini ya miguu. Mkondo wake ni mdogo, lakini ukichomeka waya wa printa au wa monita mashine ikiwa hai, mkondo huo unapitia kwenye chipu, na poti inakufa. Siku waya wa moto utakapolegea ndani na kugusa bati, kandambili hazitatosha.

Na ethi tunaipoteza kwa mikono yetu. Plagi ya pini mbili inalazimishwa kwenye soketi ya pini tatu kwa kusukumia kalamu kwenye tundu la juu. Plagi inakatwa, nyaya mbili zinabanwa kwa njiti za kiberiti, ule wa kijani na njano unakunjwa pembeni. Ekstensheni inanunuliwa yenye nyaya mbili ndani ingawa ina matundu matatu nje. Hata nyumba yenye soketi nzuri inaweza kuwa na fimbo ya ethi iliyozikwa kwenye mchanga usioona maji tangu masika. Fundi wa kompyuta aliyebadilisha pawa tatu kwenye steshenari moja asiuze ya nne kabla ya kumwita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime ethi ya nyumba.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ungoje taa zitulie kwanza, maana mafriji na pampu zote za kijiji huwa zinawaka kwa pamoja. Na anayepeleka kompyuta za msaada shule ya Kibaha Vijijini, au kokote kwenye laini ndefu ya kijijini, aweke ndani ya boksi pawa saplai mbili za akiba za modeli ileile, multimita moja, na karatasi iliyobandikwa ndani ya kava yenye modeli, idadi ya pini na tarehe iliyofungwa. Fundi atakayeifungua miaka mitano ijayo hatakuwa na haja ya kubahatisha ni plagi gani ya kuingiza.